TUWASHIKE MKONO WATOTO WANAOTAFUTA KAZI
Hotuba ya Mwenyekiti siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi

Akina mama hoyee!

Kwanza kabisa tumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku ya leo. Tulianza na sanduku moja, kufuli tatu na akina mama 15, wengi wetu wachuuzi wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Hesabu za fedha Mweka Hazina ameshazisoma, mimi sitazirudia. Nataka kuzungumzia watoto wetu.

Ndugu zangu, miaka ya 1990 viwanda vya minofu ya sangara hapa Mwanza vilichukua vibarua wengi. Kijana aliamka alfajiri, akapanga foleni getini. Baadaye sangara wakapungua ziwani na viwanda vingine vikafunga milango. Leo mtoto anamaliza kidato cha nne, mwingine chuo, anazunguka mjini na bahasha mpaka viatu vinaisha soli.

Sasa nitasema jambo langu bila kuficha. Mwaka 2019 binti yangu alimaliza chuo, cheti cha uhasibu. Akatokea mtu akasema anayo njia ya kumwingiza kazini, nitoe laki tatu. Nikaja kukopa hapa hapa kikundini, nikawaambia ni mtaji wa dagaa. Nilisema uongo. Yule mtu alipokea hela, simu ikazimwa mpaka leo. Nililipa mkopo ule kwa miezi minane, nikiwa nimewakalia mbele kama Mwenyekiti. Akina mama wenzangu, naomba radhi.

Aliyetutoa kwenye shida ile ni mwanachama mwenzetu mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alimwambia binti, "Njoo uniandikie vitabu vyangu, nami nitakufundisha biashara." Pale alijifunza ambayo chuo hakikumfundisha: kuhesabu stoo kabla ya kufunga, kumjibu mteja mwenye hasira, kukataa kukopesha bila kugombana. Baada ya mwaka mmoja mama yule alimwandikia barua, akampeleka mwenyewe kwa mfanyabiashara anayemfahamu. Leo binti ni mtunza stoo. Hatukutoa hata senti moja.

Hapo ndipo mwaka 2021 tulipokubaliana kila mwenye ujuzi achukue kijana mmoja. Yako mazuri tumeyaona. Waliojifunza kuanika dagaa kwenye vichanja badala ya mchangani, dagaa wao hawana mchanga, na wateja wanawatafuta. Lakini tuambizane ukweli: wapo kati yetu waliochukua binti wa watu wakamtuma maji na kumbebesha mtoto mgongoni mwaka mzima, cherehani hajaigusa. Huo si uanagenzi jamani. Huyo umempata mfanyakazi wa bure.

Kwa hiyo nawaomba tukumbuke mambo haya. Kwanza, ukimpokea kijana, kaeni na mzazi wake mkubaliane atajifunza nini, kwa muda gani, na nauli na chakula vitatoka wapi.

Pili, ujuzi wa mtaani usidharauliwe. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, inao utaratibu wa kurasimisha ujuzi: fundi aliyejifunzia kazini anapimwa, akifaulu anapewa cheti. Nyakato si mbali, tuwapeleke wakaulize.

Tatu, kuomba kazi serikalini hakulipiwi. Maombi ya Sekretarieti ya Ajira hutumwa kwa mtandao. Kijana asiyejua, anayejua akae naye, wajaze pamoja. Anayekudai hela ya kukuingizia jina ni mwizi. Mimi ni shahidi.

Nne, na hili nalisema polepole. Wapo wanaowadai mabinti zetu miili yao ili wapewe kazi. Hiyo ni rushwa ya ngono, ni kosa katika Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25. TAKUKURU wapo. Binti akikuambia, usimwulize alivaa nini. Msindikize akatoe taarifa.

Mwisho, naomba mkutano huu upitishe mambo mawili. Mkopo wa "kuingizwa kazini" usitolewe tena, hata kwa Mwenyekiti. Na sehemu ya mfuko wetu wa jamii iwalipie ada ya kupimwa ujuzi vijana waliomaliza mafunzo kwa wanachama wetu. Tumeweka fedha miaka kumi. Sasa tuweke na watoto.

Wahenga walisema, mkono mmoja haulei mwana. Mikono hapa tunayo mingi.

Akina mama hoyee! Vijana wetu hoyee!