Mgeni Njoo, Mende Waondoke

Juma hili naomba tuache kidogo habari za bei ya sukari na foleni za barabarani, tuingie jikoni usiku wa manane na kuwasha taa ghafla. Wale wanaokimbilia nyuma ya kabati ndio ninaotaka tuwazungumzie. Wengi wetu huwaita mende. Watu wa pwani huwaita pia kombamwiko. Jina hilo linamfaa mdudu huyu, maana kazi yake ni kukomba mwiko uliolala bila kuoshwa. Lakini mwiko una maana nyingine, ya jambo lisilotajwa, na hapo ndipo penye shida yetu. Mende wa nyumbani kwako utawasema upendavyo. Mende wa nyumba uliyofikia, iwe ya kaka, ya shangazi au ya binamu, ni mwiko kuwataja.

Mgeni wa namna hii sote tunamjua. Amekuja mjini kutafuta kazi, kusoma au kutibiwa. Analala sebuleni, anakula bila kulipa, na hajioni kuwa na haki ya kulalamika. Akisema kuna mende, mwenyeji atasikia kwamba ameitwa mchafu. Akinyamaza, ataamshwa usiku na miguu ya mende shingoni. Mwenyeji naye anawaona, ila anaona haya kuanza, na pengine moyoni anasema, "Hawa wamekuja na lile boksi lake." Basi kila mtu ananyamaza, na mende wanaendelea kuzaana.

Kumtupia mwingine lawama ya mende ni tabia ya dunia nzima. Yule mdogo wa rangi ya kahawia, mwenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa, huitwa mende wa Kijerumani, jina alilopewa na mtaalamu Linnaeus mwaka 1767. Warusi wao humwita Mprusi, na sehemu nyingine za Ujerumani wakamwita Mrusi! Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kuwa asili yake ni Asia, yapata miaka 2,100 iliyopita. Na yule mkubwa wa chooni na mitaroni, anayeitwa wa Kimarekani, asili yake ni huku kwetu Afrika. Alivuka bahari kwa meli. Kwa hiyo tuache kuulizana nani kamleta. Mende husafiri ndani ya maboksi, mabegi na friji za mitumba, na huhama chumba hadi chumba kupitia nyufa na mabomba. Hata mtu safi huletewa.

Kunyamaza huku kuna gharama. Mende hutoka chooni akapita juu ya sahani, miguu yake ikiwa imebeba vijidudu vya kuharisha. Kinyesi chake na maganda anayojivua hugeuka vumbi, na vumbi hilo huamsha pumu. Mwaka 1997 madaktari wa Marekani walitangaza uchunguzi wa watoto 476 wa mijini wenye pumu. Wale waliokuwa na mzio wa mende na wakalala katika vyumba vilivyojaa vumbi hilo walilazwa hospitalini zaidi ya mara 3 kuliko wenzao. Sasa fikiria nyumba zetu ambamo watu 8 hulala vyumba 2. Mtoto anayekohoa usiku kucha pengine analipia haya ya watu wazima wawili.

Mimi nilifikia kwa kaka yangu Ilala mwaka 1996. Shemeji alikuwa mwanamke safi, mchapakazi, aliyeamka saa 10 alfajiri kukaanga maandazi ya kuuza. Nilijua kwamba nikisema, "Shemeji, humu mna mende," nitakuwa nimemtukana mbele ya watoto wake. Jumamosi moja nikamwambia, "Shemeji, leo sina pa kwenda. Naomba nikusaidie kutoa kabati na vyombo nje vipate jua." Akacheka: "Shemeji yangu, wewe na vyombo wapi na wapi?" Lakini alikubali. Tulipolivuta kabati hakuna aliyehitaji kuwataja. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema, "Wadudu hawa wananinyima usingizi. Nilikuwa naona aibu usije ukawaona." Kumbe kila mmoja alikuwa anamfichia mwenzake! Kaka aliporudi akasikia habari, akatoa hela ya kutengeneza koki iliyokuwa ikidondosha maji mchana na usiku.

Koki ile ndiyo iliyokuwa ngome yao, maana mende huvumilia njaa kuliko kiu. Kwa hiyo anza na maji: funika ndoo, kausha sinki, futa maji chini ya friji kabla ya kulala. Kisha makombo: osha vyombo usiku uleule, na takataka zilale nje. Halafu nyufa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa methali haina fumbo; saruji kidogo inatosha. Maboksi ya zamani yatupwe, kwani ndiyo maficho wanayoyapenda.

Ndipo uje kwenye dawa. Unga wa boriki uliochanganywa na sukari na unga wa ngano, ukiwekwa kidogo kidogo kwenye vifuniko vya chupa nyuma ya kabati, mahali mtoto asipofika, huua polepole lakini huua. Usikate tamaa baada ya siku mbili. Jike wa wale wadogo hubeba kifuko chenye mayai 30 hadi 40, na watoto hukomaa kwa muda wa miezi 2 hivi. Jumamosi moja haitoshi.

Jambo la kuogopwa ni haraka. Mtu aliyechoka kuona haya huamua kumaliza kazi kwa usiku mmoja. Huchora sakafu nzima kwa chaki ya mende, na kesho yake mtoto anaiokota akidhani ni chaki ya shule, anaitia mdomoni. Mwingine hununua dawa ya shambani iliyomiminwa kwenye chupa ya soda isiyo na maandishi, akaipulizia chumba ambacho watu watalala. Dawa hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya nyumba, na haichagui kati ya mende na mtoto. Tena mende wengi wadogo wamekwisha kuzoea dawa za kupulizia, hivyo anayebaki na kifua kinachobana ni wewe.

Ndugu zangu mnaoishi kwa watu, wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la mjini ni ufagio. Usingoje kupewa, na usilete maneno kabla ya mikono. Siku ya kuhama, kung'uta begi lako juani, usije ukawapeleka wenyeji wako wapya zawadi wasiyoiomba.

Nanyi wenyeji, mgeni akishika ufagio msimwone kuwa anawasuta. Mpeni na ndoo. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tulivyofunzwa, na kupona kwenyewe huanza pale mmoja anapothubutu kuvuta kabati.

Kwa leo ni hayo. Nawatakia usiku mwema, na kabla ya kulala, osheni mwiko.