Uji, Maharage na Jedwali la Hesabu
Maneno ya Katibu katika Mkutano wa Wanachama wa kuadhimisha miaka 10 ya Chama Kikuu



Walionitangulia wamesema juu ya kahawa, nao wamesema vema. Mimi nimeagizwa niseme juu ya chakula cha watoto wetu, na jinsi hesabu yake inavyoweza kufanywa kwa jedwali la kompyuta.

Yajulikana kuwa mwaka 2016 Serikali iliondoa ada katika shule zake mpaka kidato cha nne, lakini chakula cha mchana kimebaki kuwa mchango wa wazazi. Kadhalika vituo vya kulelea watoto wadogo, ambavyo Programu ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto iliyozinduliwa Desemba 2021 ilituhimiza kuvianzisha, hutegemea debe la mzazi. Na mzazi huyo ndiye mkulima aliyeketi hapa. Wala tusijidanganye kwamba kwa kuwa migomba yetu ni mingi basi watoto wetu wamelishwa sawasawa. Uchunguzi wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto wapatao 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini walikuwa wamedumaa, na mkoa wetu wa Kagera ulikuwa juu ya kiwango hicho.

Tatizo letu si ubahili. Michango hukusanywa kwa kukisia: huyu aleta debe lililojaa mpaka juu, yule aleta debe pungufu, na wote wawili waandikwa "debe moja". Sisi tunaopiga kelele mnunuzi anapotutaka tufunge lumbesa, twawapimia watoto wetu bila mzani! Ifikapo Oktoba ghala ni tupu, na maharage mapya yangali shambani. Hapo ndipo maneno huanza: mwalimu amekula, mpishi amebeba. Aghalabu hakuna aliyeiba. Chakula hakikuhesabiwa tangu mwanzo.

Sasa tutazame jedwali lenyewe. Ni daftari lenye mistari na safu kama lile la mapokezi ya kahawa, ila hili hujumlisha lenyewe. Katika kisanduku cha kwanza yaandikwa idadi ya watoto. Cha pili, siku za kupika. Cha tatu, kipimo cha mtoto mmoja kwa siku moja. Tuchukue mfano wa kituo chenye watoto 60, kinachofuata siku 194 za mwaka wa shule, na kila mtoto apewe gramu 30 za maharage makavu. Zidisha, kisha gawanya kwa 1,000 upate kilo: kwa siku moja ni kilo 1.8, na kwa mwaka ni kilo 349.2. Unga wa uji, kwa gramu 40, ni kilo 465.6. Watoto wakiongezeka wakawa 75, karani hubadili kisanduku kimoja tu, na maharage yajiandika 436.5, bila kufuta kurasa sita kwa raba.

Lakini kompyuta ni mtumishi asiyeuliza. Karani akisahau kugawanya kwa 1,000, itamwambia bila haya kwamba watoto 60 wahitaji kilo 349,200 za maharage, yaani malori zaidi ya 30. Kwa hiyo kila hesabu isomwe na mtu wa pili aliyewahi kupika.

Na huyo aliyewahi kupika atatuuliza mambo ambayo karani hayajui. Ndizi, kwa mfano, hupimwa na maganda, nayo maganda huchukua kama kilo 4 katika kila kilo 10. Ukitaka kila mtoto ale gramu 150, watoto 60 hula kilo 9 zilizomenywa. Basi lazima zije kilo 15. Tena gramu 30 za maharage ni za makavu. Yakiiva uzito wake huzidi maradufu, na mwenye kupima sufuriani atadhani amepunjwa au amezidishiwa. Akina mama wapishi hawana haja ya gramu. Jedwali liwe na safu ya mwisho inayosema makopo mangapi, baada ya kopo la kituo kupimwa mara moja kwenye mzani wa chama cha msingi.

Kuna jambo jingine kubwa kuliko hayo. Watoto walioandikishwa si watoto waliokuja. Ikiwa wanaofika ni 48 kwa wastani, kituo kile kile hakihitaji kilo 349 bali 279, na tofauti hiyo ya kilo 70 ndiyo hasa huzaa tuhuma. Kwa hiyo mahudhurio yaandikwe kila asubuhi kabla ya kupima, nayo yaingizwe katika jedwali kila mwisho wa mwezi.

Wako watakaosema kazi ya ushirika ni kahawa. Nawajibu kwamba mwaka 1995 Muungano wa Kimataifa wa Ushirika uliingiza kuijali jamii kuwa msingi wa saba wa ushirika, na msingi huo twausoma katika kila semina. Wengine watasema vyama vingi vya msingi havina kompyuta. Si lazima viwe nazo: jedwali laweza kutengenezwa katika ofisi ya Chama Kikuu, au hata katika simu janja, kisha lichapwe na kubandikwa mlangoni pa ghala, mzazi mwenye penseli alihakiki mwenyewe.

Bwana Mwenyekiti, ombi langu ni moja. Kwa hesabu niliyoitaja, mtoto mmoja ahitaji kilo 5.82 za maharage kwa mwaka, tuseme 6. Sisi huvuna maharage mara mbili. Naomba Mkutano ukubali mchango upimwe kwa mzani, kilo 3 kwa kila mtoto baada ya mavuno ya Januari na kilo 3 baada ya yale ya Juni, na debe lisitumike tena. Jedwali la mfano liko mezani kwa mhasibu kwa chama chochote kitakachopenda kulinakili leo kabla ya kuondoka.