*TAWI LA RASKAZONE: ASANTE KWA WANAOTUNZA BARABARA ZA MILIMANI*

Ndugu wanachama,

  

Haya ndiyo maneno tuliyoyatoa katika mkutano wa tawi. Tunayatuma hapa ili na waliokuwa kazini au safarini wayapate.

Sisi wa Raskazone ni watu wa kando ya bahari. Lakini kabichi, karoti na viazi tunavyonunua soko la Mgandini, vingi vimeteremka kutoka Lushoto. Dagaa na papa wa huku nao hupanda huko. Mgonjwa wa Lushoto au Bumbuli anayepewa rufaa kuja Bombo, jirani zetu hapa, anategemea barabara ipitike usiku huo huo. Kwa hiyo barabara ya mlimani ni yetu pia.

*Kazi yenyewe ilivyo*

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilometa zipatazo 32 tu, lakini ndani ya hizo gari linapanda karibu mita 1,000. Upande mmoja ni mlima, upande wa pili ni korongo. Adui mkubwa wa barabara ya namna hiyo ni maji. Mtaro wa upande wa mlima ukizibwa na majani na udongo, maji ya masika huvuka juu ya lami na kuanza kula ukingo wa bondeni. Leo ni ufa, kesho nusu ya barabara imekwenda na maji.

Kinachozuia hasara hiyo mara nyingi ni mtu mwenye beleshi, aliyepita kabla ya mvua akazibua mtaro na kalavati. Huyo hapigwi picha. Barabara ikikatika, simu zinatolewa na lawama zinaanza. Ikipitika mwaka mzima, watu husema "barabara nzuri", kana kwamba imejitunza yenyewe.

Kwenye njia za udongo za Mtae, Mlalo, Bumbuli na Amani kazi ni nzito zaidi. Mvua ikinyesha ni utelezi, na mlima ukiporomoka lazima kifusi kiondolewe haraka. Huko kuna wakulima wa chai, na majani mabichi ya chai hayasubiri. Yakichelewa kufika kiwandani yanaharibika, na jasho la mkulima linapotea.

*Tulikotoka*

Kazi hii ina historia chungu mkoani kwetu. Wajerumani walianza kujenga reli hapa Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905. Walipoleta kodi ya nyumba mwaka 1898, asiyekuwa na fedha aliweza kulazimishwa kuilipa kwa nguvu zake, katika kazi za serikali yao. Baada ya Uhuru wazee wetu walishika jembe lile lile kwa moyo mwingine, wakiita msaragambo: kijiji kinatoka asubuhi, kinachonga njia yake chenyewe.

Leo TANROADS inasimamia barabara kuu na za mkoa, na TARURA, tangu mwaka 2017, inasimamia za wilaya, vijijini na mijini. Fedha za matengenezo hutoka kwa sehemu kubwa kwenye Mfuko wa Barabara, unaopata tozo katika kila lita ya mafuta. Maana yake kijana wetu wa bodaboda anayejaza mafuta hapa mjini anachangia ujira wa yule mwenye beleshi kule Soni. Na anayechangia ana haki ya kuuliza.

*Shukrani isiyoishia mdomoni*

1️⃣ *Ujira.* Kibarua wa barabara anakula kwa kazi ya siku. Wajumbe wetu wenye nafasi katika vikao vya kata na halmashauri wasiishie kuuliza kilometa ngapi zimekamilika. Waulize pia: vibarua wamelipwa? Lini? Kiasi walichokubaliana?

2️⃣ *Usalama.* Jiwe la mlimani halibishi hodi. Mfanyakazi apewe mabuti, glavu, kofia ngumu na reflekta. Kila mwajiri Tanzania Bara anatakiwa kisheria kujisajili na kuchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF). Aliyeumia kazini asirudishwe kwao na nauli tu.

3️⃣ *Madereva.* Ukiona kibendera chekundu, punguza mwendo. Anayekusimamisha anakutengenezea njia, tena amesimama hatua chache kutoka kwenye korongo.

4️⃣ *Wenye malori.* Mzigo uliozidi uzito huchakaza barabara kabla ya wakati. Faida ni ya safari moja, gharama ni yetu sote.

5️⃣ *Sisi wa hapa.* Mtaro wa Raskazone nao ni mtaro. Asiyetupa taka ndani yake amemheshimu anayeuzibua.

Ndugu zetu wa TANROADS, TARURA, waendesha greda na vijiko, mafundi wa mawe, kina mama wanaofyeka na kufagia kandokando ya barabara, na vijana wa vibendera: tunawashukuru sasa, barabara ikiwa inapitika. Hatutaki kusubiri ikatike ndipo tuwakumbuke.

Mabalozi, tunawaomba muwasomee wanachama wasio na simu.



*Imetolewa na Uongozi wa Tawi*
Raskazone, Tanga