Kibwezi, Mji Uliozaliwa na Maji



Miji mingi ya dunia ni watoto wa mito. Paris, mji mkuu wa Ufaransa, ulikua kandokando ya mto Seine. Ukambani nako uko mji wa namna hiyo, mdogo kwa ukubwa, lakini wenye habari nyingi. Mji huo ni Kibwezi, katika Kaunti ya Makueni, kiasi cha kilomita 300 kutoka Mombasa.

Kwanza yafaa tujue maji yake yatoka wapi. Milima ya Chyulu ni ya mawe yaliyotoka katika volkano, nayo yana matundu mengi. Mvua inyeshapo huko juu, maji hayatiririki juu ya ardhi. Huzama chini, yakaenda polepole ndani ya mawe, kisha yakabubujika miguuni pa milima. Ndiyo asili ya chemchemi za Umani katika msitu wa Kibwezi, na za Mzima, ambazo maji yake hupelekwa Mombasa kwa mabomba.

Katika karne ya 19, Wakamba walikuwa mashuhuri kwa biashara ya pembe za ndovu kati ya bara na pwani. Misafara iliyotoka pwani ilipita kwanza nyika kavu ya Taru. Wapagazi waliofika Kibwezi walipata maji, kivuli na chakula cha kununua. Kwa hiyo Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki ilipotengeneza barabara kutoka Mombasa, ile iliyoitwa kwa jina la Sir William Mackinnon, ilifikisha barabara hiyo Kibwezi. Mwaka 1895 Kapteni Sclater alianza kuiendeleza kutoka hapo kwenda Busia.

Maji hayo hayo yaliwavuta wamisionari. Mwaka 1891 Dr. James Stewart aliongoza misioni ya Waskoti iliyojengwa Kibwezi. Nia yao ilikuwa kuhubiri, kufundisha kusoma na kazi za mikono, na kutibu wagonjwa. Lakini homa iliwaandama, na baadhi yao walifariki. Wakati huo watu wengi walidhani homa hutokana na hewa mbaya ya mabonde. Ni mwaka 1897 tu ndipo Dr. Ronald Ross, huko India, alipoona vijidudu vya malaria ndani ya mbu. Mwaka uliofuata, 1898, misioni ilihamia Ukikuyu penye baridi. Kazi iliyoanzishwa Kibwezi ikastawi Thogoto, na Kanisa la Skotlandi likawa miongoni mwa makanisa yaliyoanzisha Shule ya Alliance mwaka 1926.

Basi Kibwezi ilipoteza misioni. Tena ilipoteza misafara, maana reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika Nairobi mwaka 1899, na msafiri hakuwa na haja tena ya kulala njiani. Miaka hiyo hiyo ukame na njaa kuu, ambayo wazee waliiita Yua ya Ngomanisye, iliua watu wengi Ukambani.

Hata hivyo mji haukufa. Kampuni ilikwisha, misafara ikakoma, misioni ikahama. Mto ukabaki, na watu wakabaki nao. Mashamba ya katani yalilimwa, bustani za mboga na matunda zikamwagiliwa, na mwaka 2017 reli mpya ikafunguliwa yenye kituo Kibwezi.

Hapa, ndugu zangu wa Kalamba na Kitui, ndipo penye fundisho. Barabara na reli hujengwa kwa fedha, na zikiharibika hutengenezwa. Chemchemi haijengwi. Mti ukatwao Chyulu au katika msitu wa Kibwezi hupunguza kivuli cha ardhi ile inywayo mvua, na hasara yake humpata mkulima aliye mbali, ambaye hakuushika mpini wa shoka. Tuwafundishe watoto habari za mji huu, lakini kwanza tuwaachie maji yake. Pia tusisahau kulala ndani ya chandarua, kwa maana mbu wa Kibwezi hawakuhama pamoja na Waskoti.