Tarikhi kwa Nauli Haba

Katika Mlima Hoyo, kusini mwa mji wetu wa Bunia, limo pango liitwalo Matupi, ambamo mtaalamu wa athari za kale kutoka Ubelgiji, Francis Van Noten, alichimba katika miaka ya 1970, akatoa humo zana ndogondogo za mawe ambazo zile za matabaka ya chini zina umri unaozidi miaka 40,000. Na mifupa ya wanyama iliyofukuliwa pamoja nazo ikadhihirisha kwamba mahali hapo, palipozingirwa leo na msitu, palikuwa zamani mbuga ya majani. Nasikitika kwamba kijana wetu aghalabu humaliza masomo akiwa amehifadhi majina ya Mafirauni, ilhali jina la Matupi hajalisikia.

Ni kweli kwamba njia ya Komanda iendayo kusini, kuelekea mlima huo, imemwagiwa damu ya watu wetu, nami simhimizi mtu kuishika kabla hajapata habari za yakini juu ya usalama wake. Lakini wanaodhani kwamba kuzuru athari za kale ni anasa ya matajiri wamekosea, kwani hali ya amani iruhusupo, nauli ya gari hadi Kasenyi na ya mashua za wachuuzi wa samaki humfikisha mtu ng'ambo ya Ziwa Albert, nchini Uganda, na kutoka huko, kwa magari ya abiria, hadi Hoima, palipo kaburi la Mfalme Kabalega wa Bunyoro huko Mparo, na hadi kijiji cha Kibiro, chini ya magenge ya Bunyoro.

Huko Kibiro chumvi imepikwa kwa karne nyingi, kama alivyothibitisha mtaalamu wa athari za kale Graham Connah kwa uchimbaji wake. Wanawake hutandaza udongo mkavu juu ya ardhi yenye unyevu wa chumvi, na jua likiisha kuupiga huukwangua, wakautia katika chombo kilichotobolewa chini, wakaumiminia maji, kisha yale yaliyochujika wakayachemsha mekoni hata ikabaki chumvi. Asiyesoma kabla ya kwenda ataona akina mama kazini, basi. Aliyesoma atatambua kwamba vilima vya majivu na vigae anavyovikanyaga ndiyo daftari ya biashara iliyolisha kijiji kisichostawisha mazao. Na msafiri wa nauli haba, aliyeketi mashuani baina ya wachuuzi akisikia bei zao, ameisoma nusu ya somo kabla ya kushuka.

Kwa hiyo nawaomba waalimu wa tarikhi wa chuo cha ualimu cha ISP Bunia na wa shule zetu za sekondari waitenge likizo moja kwa safari ya namna hii: wanafunzi wachange kidogo kidogo tangu Septemba, wasome pamoja jioni, wabebe unga na maharagwe yao, na kila mmoja anunue chumvi kwa mama aliyemweleza kazi, kwani saa aliyoitoa kujibu maswali ameiondoa mekoni pake.