Uchungu wa Mkulima na Mizani

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama huko Ilongero, katika sherehe ya Chama Kikuu kutimiza miaka kumi)



Nimeombwa niseme maneno machache katika siku hii kubwa. Maneno ya sifa yamekwisha semwa na wengine, tena yamesemwa vizuri, basi mimi sitayarudia. Nataka kuzungumza juu ya uchungu: ule uchungu anaorudi nao mkulima nyumbani jioni, baada ya kuuza vitunguu vyake au alizeti yake, akijua moyoni kwamba amepunjwa, lakini asijue amwambie nani.

Uchungu huo hapa Ilongero tunao. Mnunuzi huja na magunia yake, husimamia ujazaji yeye mwenyewe, na gunia hushonewa kilemba juu mpaka likawa lumbesa. Sheria ya vipimo imeweka mpaka wa kilo 100. Sasa tufanye hesabu ndogo. Ikiwa gunia limebeba kilo 130 nalo likalipwa kama la kilo 100, basi mkulima auzaye magunia 10 ametoa kilo 300 bure. Hayo ni magunia matatu ya sadaka, tena sadaka kwa mtu asiye na haja nayo. Kila mmoja wetu aijua habari hii. Twaisimulia kilabuni, twaisimulia msibani, twaisimulia njiani tukienda mnadani. Na msimu ukirudi, twashika sindano wenyewe na kukishona kile kilemba.

Ndipo nikakumbuka habari ya jirani zetu wa upande wa Ziwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa waliuza pamba yao kwa wafanyabiashara wenye leseni. Bei ilitangazwa na Serikali kabla ya msimu, hivyo mnunuzi hakuweza kuichezea waziwazi. Alichoweza kukichezea ni mizani. Wakulima wengi hawakujua kuisoma, na aliyejua aliona hofu kubishana peke yake, hali mzigo wake umekwisha mwagwa katika rundo la mwenye ghala. Walinung'unika miaka mingi, na manung'uniko yale hayakuwaongezea hata ratili moja.

Jambo lililoleta mageuzi lilikuwa dogo, nami naomba mlitazame kwa makini. Wakulima waliweka wapimaji wao wenyewe na mizani yao wenyewe, pamba ikapimwa huko kwanza, ndipo ipelekwe kwa mnunuzi. Mtu alipofika mbele ya karani wa ghala alikuwa amekwisha ujua uzito wa mzigo wake. Hapo neno "nimepunjwa" likageuka kuwa "pamba yangu ni ratili kadha wa kadha." Maneno haya mawili hayafanani hata kidogo. La kwanza mnunuzi aweza kulicheka. La pili hana budi kulijibu.

Katika kazi ile alitokea kijana mmoja, Paul Bomani, aliyezaliwa mwaka 1925, naye alikuwa katibu wa ushirika wa wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza. Yeye na wenzake wakazunguka vijijini, wakaunda chama cha wakulima wa jimbo lote, vyama vya msingi vikaandikishwa, na mwaka 1955 likazaliwa lile shirikisho lililoitwa Victoria Federation of Co-operative Unions. Kabla ya Uhuru wa 1961 ununuzi wa pamba ya jimbo zima ulikuwa umekwisha ingia mikononi mwa wakulima. Bomani mwenyewe baadaye akawa Waziri wa Fedha. (Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa wametangulia tangu mwaka 1925, lakini habari yao ni ndefu, na chakula kinatungoja.)

Kama ningeishia hapa hotuba hii ingekuwa tamu, lakini isingekuwa kweli yote. Mwaka 1966 Kamati Maalumu ya Rais ilivichunguza vyama vya ushirika nchini, ikakuta ukosefu wa uaminifu, upendeleo katika kuajiri, na wanachama wengi wasioelewa mambo ya vyama vyao. Serikali ikatia mkono katika usimamizi wa shirikisho lile lile la pamba. Mwaka 1976 vyama vikuu vikavunjwa nchi nzima, visirudishwe kwa sheria mpaka mwaka 1982. Kwa maoni yangu, mkulima alikuwa ameacha kuiamini mizani akaanza kumwamini mtu wa mizani.

Nayasema haya kwa sababu nasikia manung'uniko mapya, nayo hayawahusu walanguzi. Yakihusu Chama hiki. Wako wanachama walioanza kuuza alizeti pembeni, usiku, wakisema Chama chachelewesha malipo na makato yake hayaeleweki. Siwalaumu kwa uchungu wao. Mama aliyengoja fedha za sare na za dawa mwezi mzima hawezi kuambiwa awe na subira na mtu aliyekwisha lipwa mshahara wake. Lakini auzaye usiku hauponyi uchungu huo, maana kabla hakujapambazuka gunia lake limekwisha kuwa lumbesa tena.

Kamati nayo isidhani nimekuja kuitetea. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 yaufanya mkutano mkuu wa wanachama kuwa ndiyo mamlaka ya juu katika chama. Basi mwanachama aje na stakabadhi yake mkononi, aseme: nilileta kilo hizi tarehe hii, nimelipwa kiasi hiki, na makato haya mawili sikuyapitisha mimi. Akisema peke yake atajibiwa kwa upole na kusahauliwa. Wakisema arobaini, kila mmoja na stakabadhi yake, hapana budi majibu yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano, na Kamati isiyoweza kujibu kura itaiondoa.

Sherehe itakwisha saa nane, na baada yake ndipo Mkutano Mkuu utakapoanza. Vitabu vya hesabu vya msimu uliopita viko mezani kwa Karani tangu asubuhi. Mpaka nilipoingia humu, waliovifungua walikuwa watu watatu.