HESABU YA SIKU: MANENO JUU YA MAGONJWA YA ZINAA NA KUPIMWA

Hotuba ifuatayo ilitungwa kwa ajili ya wafanyakazi wanaokaa mbali na nyumba zao, kama vile madereva wa malori na wafanyakazi wa bandarini. Twaichapa hapa yote ili na wasomaji wengine wapate faida yake.

Jambo nililokuja nalo si la kutajwa kwa wepesi mbele ya wazee na vijana waliokaa pamoja, nami nawaomba wazee waniwie radhi. Lakini wahenga walisema kwamba mficha uchi hazai, na ugonjwa usiotajwa hautibiki.

Sikuja kumhukumu mtu. Kazi hiyo ina wenyewe. Kazi ya mganga ni kueleza lipi la kufanya mtu akiisha kulala na mwingine asiyemjua sawasawa, bila kondomu, au kondomu ikapasuka. Asubuhi mtu huyo huamka na hofu, na hofu humpeleka katika moja ya njia mbili mbaya. Njia ya kwanza ni kunyamaza na kujitazama mwili, asipoona kidonda wala usaha, husema, "Nimesalimika." Njia ya pili ni kukimbilia kupimwa siku ile ile, na akiambiwa hana kitu, hurudi kwake kwa furaha asionekane tena. Wote wawili wamekosea hesabu, maana kila ugonjwa katika haya una siku zake za kujificha na siku zake za kuonekana. Basi na tuzihesabu siku hizo pamoja.

SIKU TATU ZA KWANZA

Hesabu ya kwanza ni ya saa. Zipo dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi visipate makao mwilini, nazo hospitalini zajulikana kwa jina la PEP. Sharti zianzwe kabla ya saa 72 kupita, yaani siku 3, na kila saa inayopotea hupunguza nguvu yake. Apewaye huzimeza kila siku kwa muda wa siku 28 bila kuruka hata siku moja. Kwa hiyo aliyepatwa na jambo hili usiku wa Ijumaa asingoje Jumatatu, bali aende hospitali kubwa ambayo mlango wake wa dharura hufunguliwa usiku na mchana. Daktari atamwuliza maswali, tena atampima damu kwanza, kwa kuwa dawa hizi ni za mtu asiye na virusi. Atakayeonekana kwamba anavyo tayari hataachwa hivi hivi; ataanzishiwa matibabu yake.

Mwanamke asiyetaka mimba asikawie pia. Viko vidonge vya dharura vinavyofaa hadi siku 5, ijapokuwa vyafaa zaidi vikimezwa mapema. Na aliyeingiliwa kwa nguvu, awe mwanamke au mwanamume, aende hospitali upesi, na akiweza asioge kwanza, ili ushahidi usipotee. Asizuiliwe na mawazo kwamba lazima aanzie kwa polisi, dawa hazingoji.

Tena niseme neno juu ya wale wanaojiosha kwa ndimu, sabuni kali au dawa ya kuua wadudu. Hayo hayaondoi ugonjwa. Huchubua ngozi laini tu, na ngozi iliyochubuka ni mlango uliofunguliwa.

WIKI MBILI

Watu wengi huogopa Ukimwi peke yake. Ni haki kuuogopa, lakini katika tendo moja la mume na mke, virusi hivyo kwa wastani huhama mara chache, chini ya mara 1 katika matendo 100. Kisonono huhama kwa wepesi mkubwa zaidi. Shirika la Afya la Ulimwengu lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 watu wa umri wa miaka 15 hadi 49 waliambukizwa mara milioni 374 magonjwa manne tu: kisonono, kaswende, klamidia na trikomona. Hiyo ni zaidi ya mara milioni 1 kila siku. Yote manne hutibika kabisa. Lakini yasipotibiwa, vidonda na uvimbe wake huvirahisishia virusi vya Ukimwi njia ya kuingia.

Mwanamume aliyepata kisonono mara nyingi huona usaha na maumivu ya kukojoa baada ya siku chache. Mwanamke mara nyingi haoni kitu. Klamidia nayo huwaficha wengi, wake kwa waume. Huku mtu akijiona mzima, ugonjwa hupanda taratibu hata kwenye mirija ya uzazi, na baada ya miaka watu huuliza kwa nini nyumba haina mtoto.

Mwenye dalili asingoje hata siku moja. Asiye na dalili na apimwe mkojo au ute wiki 2 baada ya tendo. Na asione haya kueleza, kwa sababu zahanati nyingi hutibu kwa kuangalia dalili tu. Asiye na dalili asiposema atarudishwa nyumbani na ugonjwa wake. Maneno yanayotosha ni haya: "Nililala na mtu tarehe fulani bila kinga, nataka kupimwa."

Wengine hununua vidonge vichache dukani na kujitibu kimya kimya. Zamani penisilini iliweza kuponya kisonono. Leo haiwezi, maana vijidudu vyake vimeizoea, na waganga sasa hutegemea sindano ya seftriaksoni. Anayemeza dawa nusu nusu huvifundisha vijidudu kuishi pamoja na dawa, na hasara ni yetu sote.

WIKI SITA NA MIEZI MITATU

Kaswende ni mdanganyifu kupita yote. Yapata wiki 3 baada ya tendo, na pengine hata miezi 3, hutokea kidonda kisichouma. Baada ya wiki 3 hadi 6 kidonda hupona chenyewe, na mtu hushukuru. Kumbe ugonjwa umeingia damuni. Baadaye huja vipele, mara nyingi viganjani na nyayoni, navyo hupotea vilevile. Miaka mingi ikipita, ugonjwa waweza kuharibu moyo, macho na ubongo. Damu ikipimwa mapema mno yaweza kuonekana safi, kwa hiyo sharti ipimwe tena baada ya miezi 3. Tangu mwaka 1943 imejulikana kwamba penisilini huponya kaswende, na hata leo haijashindwa. Mwanzoni mwa ugonjwa, sindano moja ya penisilini ya kukaa mwilini kwa muda mrefu yatosha.

Kipimo cha haraka cha Ukimwi, kile cha tone la damu la kidoleni, hutafuta kinga ambazo mwili hujitengenezea dhidi ya virusi. Kinga hizo hazitokei mara moja. Zaweza kukawia hadi siku 90. Kipimo cha maabara kwa damu ya mshipani, ambacho hutafuta pia sehemu ya virusi vyenyewe, huweza kujibu kati ya siku 18 na 45. Basi jibu la siku ya kwanza latueleza habari za mtu kabla ya usiku ule, si za usiku ule. Apimwe tena baada ya wiki 6, na mara ya mwisho baada ya miezi 3. Aliyemeza PEP afuate tarehe atakazopewa na daktari wake. Na anayejipima mwenyewe nyumbani, jambo ambalo linaruhusiwa Kenya, akumbuke hesabu hiyo hiyo. Tena akiona dalili ya kuwa na virusi, aende hospitali ihakikishwe.

Wako wanaoogopa kwamba habari zao zitatangazwa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 juu ya Ukimwi imekataza kumlazimisha mtu kupimwa, na imeamuru kwamba majibu yake ni siri.

NYUMBANI

Sasa nafika mahali pagumu. Fulani ni dereva. Usiku mmoja safarini alilala na mwanamke asiyemjua. Likizo yake ni baada ya wiki 2, na mkewe nyumbani ni mjamzito. Afanyeje, naye miezi 3 haijatimia?

Ajue kwamba kaswende ikimpata mama mwenye mimba, mtoto aweza kufia tumboni, au kuzaliwa akiwa mgonjwa. Kwa hiyo mpaka hesabu yake itimie, Fulani ajizuie, au atumie kondomu kila mara. Mkewe atauliza sababu. Mimi siwezi kumtungia Fulani maneno ya kumjibu mkewe. Lakini nasema hivi: aibu ya kusema kweli hupita, na kaburi la mtoto halipiti. Na ikiwa ameonekana mgonjwa, mkewe sharti apimwe na kutibiwa pia, na yule mwanamke wa safarini akipatikana aarifiwe. Akitibiwa mmoja na mwingine akaachwa, ugonjwa hurudi nyumbani kwa mlango ule ule. Hospitali huwasaidia watu kuanza mazungumzo hayo, na si aibu kuomba msaada huo.

Nanyi akina mama, mnaweza kuwa katika hali ya Fulani, na hesabu yenu ni hiyo hiyo. Mkienda kliniki ya wajawazito msikatae kupimwa damu.

Mabibi na Mabwana, mkisahau yote niliyosema, shikeni haya: saa 72 kwa dawa za kuzuia, wiki 2 kwa mkojo na ute, wiki 6 na miezi 3 kwa damu, na kinga kwa mwenzio siku zote hizo. Yaandikeni mahali, mmpe na rafiki ambaye hakufika leo.